Cherehani za Musyu Salomoni

Nakumbuka siku moja wakati wa vita, hapa hapa mtaani kwetu Bwiza, nilipomfukuza fundi wetu wa kushona kazini. Sikufichi, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nikadhani naiokoa nyumba.

Fundi huyo, Zakaria, alishona kwetu tangu sijazaliwa. Lakini mitaa ilikuwa imeanza kugawanyika kwa kabila, na vijana walipita kutuonya kwamba kabila lake hawalitaki hapa. Nikaogopa. Nikampa mkasi wake, nikamwambia aende. Akautia mfukoni, akaondoka.

Mama alikuwa anapiga pasi. Akaiweka kando.

"We mutoto, unajua hii atelye ya kushona tuliipata namna gani?"

Akanieleza. Zamani za Wabelgiji, mwenye atelye alikuwa bwana mmoja Myahudi, watu wakimwita Musyu Salomoni. Wakubwa wa serikali walikuwa wameugawa mji kwenye ramani: Wazungu kule, Wahindi pale, Waafrika huku kwetu. Yeye akaja kufungua atelye kwetu, akashona bega kwa bega na babu yangu. Wakamwambia mtaa huu si wake, wakamtukana kwa dini yake, wakamtaka amtoe babu kwenye cherehani ampe ufagio. Akakataa. Wakamnyima kibali cha kufanya kazi. Kabla hajaondoka mjini, aliandika cherehani zote sita kwa jina la babu.

"Ule mutu alifukuzwa na ramani," Mama akasema. "Leo na we unachora ya kwako?"

Aibu ilinichoma, mwanangu. Nikakimbia hadi njia ya kwenda mtaa wa Gihosha, nikamkuta Zakaria, nikamwomba radhi pale pale barabarani.

"Na wale vijana?" akauliza.

"Watatukuta sote."

Wale vijana walikuja kweli, kesho yake. Mama akasimama mlangoni.

"Huyu ni mutu wa nyumba hii. Mukimutoa, munitoe na mimi."

Wakavunja kioo cha dirisha, wakatukana, wakaenda zao. Tukaziba kwa katoni, tukaendelea kushona. Zakaria akalala chumba cha nyuma miezi mingi, na ni yeye aliyenifundisha kukata suti. Hadi leo nikipita mjini natembea kifua mbele, kwa sababu mimi ni mtoto wa mama yule.

Basi mwanangu, ukiambiwa fulani si wa mtaa huu, uliza kwanza nani aliyeugawa. Usimtoe mtu kwenye kazi yake kwa ajili ya kabila wala dini. Ukiogopa, ogopa ukiwa naye. Mwenyezi Mungu akupe ujasiri huo, na wajukuu zako walitaje jina lako kwa fahari.