Tundu la Chini ya Chungu

Wifi yangu ni fundi cherehani. Ukimpelekea nguo yenye tundu hakurudishii na tundu lake. Sifa hiyo simnyimi, ingawa ulimi wake ni wembe.

Mdogo wangu, mumewe, alipopooza na kupoteza usemi, akawa analala kutazama ukuta tu. Wifi akaenda kwa muuza miche.

"Nipe mti wa kukaa ndani, usiokufa."

"Mama, usiokufa ni wa plastiki," akajibiwa.

Akapewa bonsai, mti unaodumazwa chunguni, wa ukoo wa mkuyu, kimo cha chupa ya soda, shina limepinda kama kikongwe aliyeangusha sindano. Ndio unaomfaa anayeanza, aliambiwa: uwekwe dirishani penye mwanga, na kabla ya kumwagilia atie kidole udongoni, akikuta mbichi, auache.

Akauweka dirishani, juu ya cherehani yake, mbele ya kitanda. Basi mgonjwa akaupa ukuta kisogo! Macho yake yakawa majanini, naye wifi anamlisha uji kijiko kwa kijiko. Nikasema, huyu ametuokolea mtu.

Kisha majani yakageuka manjano, yakaanza kupukutika. Jani likianguka, mdogo wangu analifuata kwa macho mpaka chini. Mwisho akarudi ukutani, akafunga mdomo. Daktari akatuambia waziwazi: asipokula, tujiandae.

Nilimkuta wifi akimwaga maji chunguni kama anayezima moto.

"Kidole umetia?"

"Nimetia, mbichi. Lakini anayedhoofika utamnyima maji, wifi? Una roho gani wewe?"

Nikakiinua chungu. Kilinuka kinamasi. Chini yake, kwenye tundu, pameshindiliwa kitambaa, kimekunjwa pindo na kushonwa vizuri kama cha kuuza.

"Hiki nini?"

"Kilikuwa kinavuja juu ya nguo za watu. Nikaziba."

"Mwanamke wewe! Hilo tundu ndilo pua yake! Umemzamisha!"

"Ningejuaje?" Akakaa chini, sakafuni. "Kazi yangu ni kuziba matundu. Nimemuua, wifi. Nimewaua wote wawili."

Nilichomoa kile kitambaa, maji meusi yakachuruzika. Tukautoa mti, mizizi mingi imeoza, inateleza kama uzi uliolowa. Wifi akanyanyuka, akachukua mkasi wake wa vitambaa, ule ambao hata karatasi haukukata tangu alipoununua, hata mimi sikuwahi kuruhusiwa kuugusa. Akakata mizizi yote iliyooza, mmoja mmoja, machozi yakimdondokea mikononi. Tukaupanda upya kwenye udongo wa changarawe, tundu wazi, na sahani chini.

Ulibaki mifupa mitupu. Wifi akachukua sindano, akakwaruza shina juu: kahawia. Katikati: kahawia. Chini kabisa, karibu na udongo, kikatokea kijani chembamba kama uzi.

Akaubeba mpaka upande wa ukutani, akapiga magoti mbele ya uso wa mumewe.

"Tazama, baba. Hapa. Bado upo."

Mdogo wangu alitazama. Hakufumba macho, hakugeuka. Wifi akamsogezea kijiko cha uji. Mdomo haukufunguka. Akangoja, kijiko mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili udongoni, mpaka uji ukaganda utando.

"Umepoa," akaniambia bila kugeuka. "Nipashie tena, wifi."

Nikaupeleka jikoni.