Aliniambia niko ndani ya kroshe, nikamsahihisha

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijayaongezea chumvi.

Nilimaliza kemia mwaka jana. Kazi bado natafuta, kwa hiyo muda wa kuwaza ninao mwingi mno.

Nilisoma na msichana anaitwa Espe. Mitihani ilipokaribia alikuwa anakuja kwetu mtaani, kartie Lumumba, tunarudia maneno ya kompleksi za metali: atomu ya katikati, ligandi, yaani zile zinazoizunguka na kuipa jozi za elektroni, namba ya uratibu, yaani vifungo vingapi imepokea kutoka kwazo.

Kilichomshinda Espe ni kroshe, yale mabano ya mraba. Nikamweleza: kilicho ndani kimeshikana na atomu ya katikati. Kilicho nje, ukitia maji, kinajiendea.

"Kumbe kemia iko na wivu!" akacheka.

Baada ya diploma, mama yake alimwita mjini Ariwara amsaidie kuuza vitenge. Siku ya kuondoka, pale kwenye ajansi ya mabasi, alinishika mkono.

"Usiogope. Weye uko ndani ya kroshe."

Wakuu, mwingine angesema asante. Mimi nikaanza kuchambua. Ndani kama nani? Rafiki? Ndugu? Tena nikakumbuka kwamba ligandi hubadilishwa: ukimimina amonia kwenye maji ya shaba yenye bluu hafifu, amonia inayafukuza maji yaliyoizunguka shaba na kukaa pahali pake. Rangi inakuwa bluu nzito.

Jioni nikamwandikia: "Hata ndani ya kroshe, ligandi yenye nguvu inafukuza dhaifu."

Nilitaka aniambie si kweli. Hayo tu.

Akajibu: "Sawa, mwalimu."

Alikuwa hajawahi kuniita mwalimu.

Sasa ni miezi minne, kimya. Sokoni nikiona kitenge cha bluu nzito nasimama, mpaka mama muuzaji juzi akanichoka, akaniita yaya kama ndugu yake mkubwa: "Yaya, utabeba ama uko naangalia tu?"

Nilichojifunza: mtu akikuambia una nafasi kwake, kaa. Usimletee masharti ya maabara.

Tangu Jumapili nimeandika "Espe, nimekukumbuka." Sijatuma. Naogopa ile nukta ya mwisho inaonekana kama hasira.

Niitoe, ama nitume hivyo hivyo? Semeni, wakuu. Simu iko mkononi.