Bawaba za Geti la Mama

Jumamosi iliyopita geti la mama, kule Chamazi, lilining'okea mkononi. Bawaba zimeliwa na kutu, zinki imebanduka kama magamba ya samaki. Na bawaba hizo zimetoka karakana yangu ya Boko! Mimi, niliyeosha vyombo vya watu ughaibuni nikajisomesha mpaka stashahada ya kuvika chuma zinki, nikarudi na mitambo ambayo Boko nzima hawajaiona. Mama akasema tu, "Haya mwanangu, angalau kuku wamepata njia." Masikio yaliniwaka.

Ungekulia uani kwetu Temeke ungenielewa. Jirani yetu alikuwa fundi wa zinki: mapipa matatu ya plastiki, chaja ya betri za lori, na redio isiyozimwa. Bawaba ilining'inizwa kwa waya ndani ya dawa, umeme ukapita, ikatoka imevaa koti la kijivu linalong'aa. Upande wa pili wa ukuta mama alikaanga mihogo. Mpaka leo harufu ya mafuta ya moto na ile dawa chachu kwangu ni kitu kimoja.

Watoto hatukuruhusiwa kusogelea mapipa. Sisi tulisugua vyuma kwenye beseni kwa brashi na magadi, kisha fundi anavimwagia maji, anatazama. Maji yakitanda chuma chote, sawa. Yakikatika yakafanya matone, bado kuna mafuta.

"Rudi kwenye beseni," anasema, hata hakutazami. Mara nne, mara tano. "Zinki haishiki kwenye mafuta, binti. Itakuaibisha mbele za watu."

Nilimchukia!

Basi Jumatatu niliingia karakana na zile bawaba, nikawafokea vijana wangu wote. "Nani mvivu aliyeosha hizi?"

Mmoja akasema, "Madam, si za kwa mama hizo? Ulisema tukae pembeni, unazifanya mwenyewe. Nikakuuliza habari ya kuzijaribu kwa maji, ukaniambia una stashahada."

Wenzake wakainamia kazi, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Jioni nilipita Temeke. Uani pamejengwa fremu za maduka. Fundi alishazikwa, hata doa la mapipa halipo. Hasira hazijaisha: na vijana, na geti, na mikono yangu hii. Leo, karakanani, bawaba mpya nimezisugua mwenyewe. Nikamwaga maji, yakakatika. Nikabaki nimesimama, nasubiri mtu aniambie nirudi kwenye beseni.