Magoti ya Ksur Essaf

Dalenda Marzugi alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono hadi goti lilipomtoa uwanjani. Alipopona akasomea tiba ya viungo, akarudi kwao Mahdia, nchini Tunisia, na swali moja: mbona wasichana wanachanika kano za goti kuliko wavulana, na hakuna anayeshtuka?

Akapata nafasi ya kulitafiti. Timu ya wasichana ya Mahdia mjini ingefundishwa mazoezi ya kuruka na kutua. Timu ya Ksur Essaf, mji wa jirani, ingeendelea kama kawaida, ili mwisho wa msimu majeraha yalinganishwe. Kura ndiyo iliyoamua nani afundishwe. Dalenda alikatazwa kuwafundisha hao wa pili chochote.

Basi akawa anakaa benchi, anatazama. Aliyemtia wasiwasi ni Shiraz, mfungaji wao hodari. Kila akitua, magoti yake yalilala ndani hadi yakakaribia kugongana. Mara kadhaa ulimi ulimwasha Dalenda, akajizuia.

Kwenye mechi na timu ya Sousse, Shiraz aliruka, akafunga, akatua vibaya. Goti lilitoa mlio hadi waliokaa jukwaani wakasikia. Halafu yowe.

Baada ya upasuaji Dalenda alikwenda kumjulia hali, mkononi bakuli la asida, uji mzito wa unga. Mama yake Shiraz, Bi Wasila, alisimama mlangoni.

"Karibu, daktari. Umekuja kuhesabu? Huyu hapa ushampata."

"Mama, acha bwana," Shiraz alisema kutoka kitandani. "Dada Dalenda, eti wale wa mjini uliwafundisha kutua?"

"Niliwafundisha."

"Na mimi uliniona navyotua?"

Angeweza kukana.

"Nilikuona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza, mdogo wangu. Niliogopa kuharibu utafiti."

"Basi tulia," Bi Wasila alisema. "Utafiti wako mzima. Kilichoharibika ni mtoto wangu."

Asida ilipoa bila kuguswa.

Kesho yake Dalenda alimwambia profesa aliyesimamia utafiti kwamba anakwenda kuwafundisha Ksur Essaf.

"Tusipolinganisha hatutathibitisha kitu," profesa alimwonya. "Na bila ushahidi, nani atawafundisha wasichana wa nchi nzima? Hao hukuwafikiria?"

Hakuwa amekosea, na hilo lilimkereketa Dalenda kuliko matusi. Akaenda hata hivyo. Utafiti ukavunjika, na kwa muda mrefu hakujua kama safari hii ametenda haki au anajikosha tu.

Miaka ilipita, wengine wakaanzisha utafiti mwingine, timu zote zikafundishwa, majeraha yakalinganishwa na ya misimu ya nyuma. Yalipungua. Dalenda alikuwa amealikwa kushiriki, akakubali kwa sharti kwamba mtafiti akiona hatari aseme hapo hapo.

Shiraz anatembea vizuri, ila uwanjani hakurudi. Siku hizi anauza miwani mjini. Wakikutana husalimiana, huulizana habari za nyumbani. Bi Wasila, akimwona Dalenda kwa mbali, huvuka barabara. Dalenda humwacha avuke.