Mtoto Aliyelia Chumba cha Pili

Wanaonijua hapa Kirumba wanajua sina subira, na safari hii pupa yangu imeniumbua. Kuta za nyumba tunayopanga hazifiki juu. Juzi jioni nikasikia msichana analalamika chumbani kwa Mama Koku: "Mji mdogo huu, watu wote wanajuana, mimi tu hawanijui." Nikadhani ni redio, hizi stesheni mpya. Lakini redio haikohoi. Jana akasema tena: "Nikifa leo, atakayeshtuka ni mbuzi."

Nikajua Mama Koku kafungia mtoto wa watu ndani. Mwanangu mgongoni, mwiko mkononi, nikamkokota mjumbe wa nyumba kumi na kuupiga mlango teke.

"Mama Koku, mtoto uliyemfungia yuko wapi?"

Mama Koku alikuwa anamsomea mama yake, bibi asiyeona, huku akiigiza sauti ya msichana. Akainua kitabu. "Yuko ukurasa wa arobaini, Mama Neema."

Uani wapangaji wenzangu wakacheka mpaka wakashika kuta. Cheka, lakini aliyekiandika anajua kuandika, maana nilimpigania mtu ambaye hajapata kuzaliwa.

Nikageuka niondoke na aibu yangu. Mjumbe alikuwa ameshavuta kigoda. "Endelea basi, huyo binti ikawaje?"

Nikasimama palepale mlangoni.

"Ingia, mwanangu," bibi akasema, "ila mwiko uache nje."