Siku Tuliyojificha Tusihesabiwe

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kana kwamba naitazama. Sukari ilikuwa imeadimika, sabuni haionekani, hata sanda ya maiti iliombwa kwa kibali. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, ng'ambo ya mto Pangani, nyumbani kwa mama mkwe, Bi Mwanahamisi. Ikavuma kwamba makarani wa sensa wanakuja. Watu wakanong'ona: serikali haihesabu vichwa bure, kesho italeta kodi.

"Binadamu si mbuzi," akasema mama mkwe. "Tokeni, mwende minazini."

Tukatoka, mimi, wifi yangu Zuhura na watoto wote, tukashinda huko tukinywa madafu na kucheka. Ujana, mwanangu! Karani alipobisha hodi alimkuta bibi mmoja tu.

"Nakaa peke yangu, baba," akamwambia.

Nyumba nyingi zilifanya vivyo hivyo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Ulipofika wakati wa kupanga zahanati zijengwe wapi, mwenyekiti wetu alikwenda wilayani kuomba, akarudi kainamisha kichwa. Ameambiwa kijiji chake hakina watu wa kutosha. Zahanati imepelekwa kwingine.

Masika yakaja, na Zuhura akashikwa na uchungu. Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba hadi kivukoni, tumvushe hospitalini. Kivuko kimeharibika, spea hakuna. Alifia pale mchangani, kanishika mkono, na mtoto hajatoka. Bi Mwanahamisi akaketi kando yake akirudia, "Nilimficha mimi. Nilimficha mimi." Tangu hapo hakuwa mtu wa mazungumzo tena, mpaka naye tukamzika.

Sensa iliyofuata tulingoja milangoni, tukataja hata kichanga cha juzi. Zahanati ikajengwa kweli. Ila ndio ulikuwa wakati wa soko huria, na dawa zikawa za kununua. Nimewaona wajawazito wakifika mlangoni, wakiulizwa wamekuja na nini, wakarudi walikotoka. Tulidhani kuhesabiwa ndiko kujaliwa. Wapi!

Nasaha yangu ni chungu, mwanangu, na sina nyingine. Akija karani, mtajie kila mtu wa nyumba yako, maana asiyejulikana hapangiwi. Kisha usilale. Nenda ukaulize kilichopangwa kiko wapi, hata ukifukuzwa.

Mola akujaalie uzazi wa salama, akuepushe na majuto yanayokuja kaburi likishafukiwa. Amina.