Birika Nililolipeleka Darasani Koboko

Jamani, chekeni mkitaka, maana hata mimi nimejicheka, lakini cheko langu halifiki mwisho. Aibu hii nimekaa nayo miaka, na nikilikumbuka lile darasa la Koboko, mji wa mpakani, natamani ardhi inimeze na chaki zangu zote.

Miaka ya tisini ndiyo kwanza imeanza, nami nafundisha watu wazima kusoma na kuandika, Mlugbara wa Onduparaka, mtoto wa Arua mjini, najiona mjuzi kweli kweli. Darasa lilikaa kwa makundi: Wakakwa wa hapo hapo, wengi Waislamu wa familia za askari wa zamani, benchi za mbele, watu wa Arua ukutani, wachuuzi waliotoka Kongo karibu na mlango, na hakuna aliyemsalimia wa benchi nyingine. Mimi na akili zangu nikasema, lakini hawa wote si wana kumbukumbu moja? Serikali ya wanajeshi ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa familia za askari zilikimbia kwanza, kisha vita vikatufuata na sisi, tukavuka mpaka kuingia Kongo, na Wakongo ndio waliotugawia muhogo. Basi nikamwambia kila mtu alete kitu kimoja kilichopita katika mbio zile, akisimulie, wengine waandike. (Wazo lilikuwa zuri, sitalikana. Kosa langu ni kutaka kuanza mimi.)

Nikaenda Arua kwa mama, nikakuta katoka, nikachukua birika letu kuukuu bila kumwuliza mtu. Lilituchemshia maji uhamishoni wakati dada yangu mdogo anaharisha, tumeshamkatia tamaa. Mkono wa birika, wa mti, ulikuwa umepasuka, umefungwa kwa waya ya simu, nyekundu na nyeusi, iliyosukwa vizuri kama nywele za bibi harusi.

Siku yenyewe nikaliinua juu, nikasimulia mpaka Wakongo wakaacha kuchungulia nje, na kwa kunogewa nikaongeza kwamba mama alilinunua soko la Inde (uongo, nilikuwa sijui lilikotoka). Hapo akasimama Mama Zamu, mjane wa askari, mwanamke ambaye muhula mzima hakuwahi kuniuliza swali.

"Mwalimu, hii waya nani alifunga?"

"Baba yangu," nikasema. Mnaona? Uongo wa pili huo, na bado nimesimama wima.

"Hapana. Bwana yangu alifunga. Yeye alikuwa fundi ya simu jeshini. Tulikuwa nakaa Arua, tukakimbia asubuhi, hii birika ikabaki kwa jiko. Chini ya waya iko namba yake ya jeshi, alichonga na kisu."

 Watu wa Arua wakatazama chini wote pamoja, na hapo ningejua kuna jambo wanalolijua, lakini damu ilinipanda kichwani, maana mama yangu alikuwa ameitwa mwizi mbele ya watu wazima thelathini. Nikasema tutaona sasa hivi, nikaanza kuifungua ile waya.

"Wacha! Mwalimu, usifungue! Mimi nakuamini, beba tu, usifungue!"

Sikuacha. Nilivuta kwa kucha, nikavuta kwa meno (kwa meno, jamani, mbele ya mama wa watu), waya ikaachia, mkono ukagawanyika vipande viwili mezani, na namba ilikuwa pale, imechongwa, imejaa masizi.

Mama Zamu hakupiga kelele. Alivikusanya vile vipande na waya kwenye kitambaa chake cha kichwa, akalibeba na birika, akasema polepole, "Kaburi yake sijui iko wapi. Kazi ya mkono yake nilikuwa naona leo, kidogo tu, wewe umefungua." Akatoka. Baba Mapendo, mzee wa Kongo aliyeuza chumvi, akanitazama akasema, "Mwalimu, ile mutu alikuomba," basi, naye akatoka.

Nilirudi Arua siku ile ile, nikamwuliza mama. Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua uso. "Nyumba ilikuwa wazi, kila mtu alichukua." Akapepeta tena, kisha akasema, "Maji ndani yake yalikuwa bado ya moto. Niliyamwaga." Sikumwuliza zaidi, kwa sababu dada yangu, yule aliyepona, alikuwa amekaa hapo hapo anamsaidia.

Wiki mbili baadaye Mama Zamu akarudi darasani, akaweka birika, vile vipande na waya mezani kwangu. "Wewe uliona vile ilikuwa. Funga."

Nikajaribu, ikawa fundo la kufungia mbuzi. Baba Mapendo akaacha benchi yake, akajaribu. Wakakwa wakaja, mmoja mwenyewe alikuwa askari, akajaribu. Watu wa Arua wakaja kutoka ukutani. Kwa mara ya kwanza darasa zima tuliinamia meza moja, vichwa vinagongana, tunaelekezana pitisha hapa, vuta pale, na hakuna aliyeweza. Mama Zamu alisubiri mpaka wa mwisho akashindwa, ndipo akaikunja waya, akaitia kifuani.

Kwa mama yangu sigusi tena chombo bila kuuliza kilitoka kwa nani. Na mtu akiniambia wacha, naacha.